Mtoto na Wanasesere wa Kutisha

Katika mambo yaliyoenea majumbani mwa Waislamu wa pwani zama hizi, na ambayo ni wachache wanaoyapa fikira, ni kule kumkalisha mtoto mbele ya sinema ya wanasesere na kumwacha peke yake. Mzazi huulizwa, "Mtoto anatazama nini?" naye hujibu, "Anatazama katuni." Kwa neno hilo moja mambo huwa yamekwisha, hapana aulizaye tena katuni gani, wala ina nini ndani yake, wala mtoto mwenyewe ameipokeaje. Neno "katuni" limekuwa kama muhuri wa forodhani: mzigo uliopigwa muhuri huo huingia nyumbani bila ya kufunguliwa. Yafaa mzigo huo ufunguliwe na kutazamwa, kisha kila mwenye akili ahukumu mwenyewe.

Na uchukuliwe mfano wa mtu mwenye duka la vitambaa Kariakoo, katika Mtaa wa Kongo. Ni mtu mwema, mwenye kuswali swala zake kwa wakati, asiyepunja mtu katika kupima. Ana mtoto wa kiume wa miaka saba, ambaye akitoka chuoni baada ya Alasiri huja dukani kumngojea babake mpaka wafunge waende zao. Wakati huo ndio wakati wa biashara; watu hushuka kutoka Posta na maofisini, mmoja ataka doti moja, mwingine ataka jora zima, na mtoto hana pa kukaa wala la kufanya. Akiuliza neno huambiwa, "Ngoja, mwanangu, namhudumia mtu." Akiuliza la pili huambiwa vivyo hivyo. Mwishowe baba humpa simu, na ndani ya simu mna filamu alizotiliwa na kijana wa jirani, ambaye kazi yake ni kuwajazia watu filamu katika simu na flashi. Mtoto huketi nyuma ya majora, akanyamaza kimya. Baba hushukuru kwa ule unyamavu.

Usiku wake mtoto akakataa kwenda msalani peke yake. Usiku wa pili akataka alale taa inawaka. Siku ya tatu mamake alitwaa sindano na uzi ili atie kifungo kilichokatika katika shati la shule. Mara mtoto akapiga ukelele, akaufunika uso wake kwa mikono miwili.

Mama akasema, "Bwana, mtoto huyu ameona nini?"

Baba akajibu, "Ameona katuni tu, mama watoto. Picha za watoto wenziwe."

Lakini moyoni aliingiwa na hofu, akadhani mtoto amepatwa na shetani; akamchukua kwa mwalimu wake wa chuoni ili asomewe. Maalim akamsomea, kisha akamkalisha karibu yake akamuuliza polepole ni kitu gani akiogopacho. Mtoto akasema, "Yule mama ana vifungo machoni. Ataka kunishona macho yangu na mimi." Maalim akamgeukia baba, akamuuliza, "Ni mama gani huyo?"

"Wa katika sinema, Maalim."

"Na sinema hiyo yasema nini?"

"Sijui, Maalim. Sikuitazama."

"Nawe ulikuwa wapi alipokuwa akiitazama?"

"Nalikuwapo, Maalim. Palepale dukani, hatua tatu."

Maalim akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nenda ukaitazame kwanza, halafu urudi."

Sinema yenyewe ni maarufu, nayo yaitwa Coraline. Ilitolewa Marekani mwaka 2009, ikaongozwa na Henry Selick, katika karakana ya Laika iliyoko jimbo la Oregon; na asili yake ni kitabu cha Muingereza Neil Gaiman kilichotoka mwaka 2002. Haikuchorwa kwa kalamu, bali imefanywa kwa wanasesere wa kweli, waliovishwa nguo za kweli zilizofumwa kwa mkono, wakawekwa katika vijumba vidogo, wakasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Na aitazamaye kwa makini ataona habari hii.

Msichana mdogo amehamia na wazazi wake katika nyumba kongwe. Baba na mama si watu wabaya. Hawampigi wala hawamtukani. Ila wana kazi ya kuandika ambayo lazima imalizike, na kila akiwaendea humwambia wana shughuli. Msichana akazunguka nyumba peke yake, akakuta mlango mdogo ukutani, na usiku mlango ule ukampeleka katika nyumba nyingine iliyo mfano wa nyumba yao. Humo mna mama mwingine, mwenye sura ya mamake, anayepika vizuri, anayecheza naye, anayemsikiliza kila asemalo. Yote ni mazuri, isipokuwa macho yake ni vifungo vyeusi. Kisha ikaja bei: ukitaka kukaa hapa daima, sharti nawe utolewe macho ushonewe vifungo. Msichana alipokataa, yule mama akageuka akawa dude la kutisha, lenye mikono ya sindano. Nyuma ya kioo mkawa na roho za watoto watatu waliokubali zamani, wakaliwa uhai wao. Nao walieleza jinsi walivyonaswa: yule dude aliwachungulia, akaona kuwa hawana furaha kwao, akawavuta kwa zawadi na mapenzi.

Basi yule baba wa Kariakoo alipoitazama sinema hii mpaka mwisho, aliona jambo ambalo hakulitarajia. Alidhani ataona mashetani, naam, aliyaona. Lakini kabla ya mashetani alimwona baba aketiye mbele ya kazi yake, ampaye mtoto mgongo, amwambiaye "Ngoja." Akajitambua.

Katika mambo haya watu wamegawanyika makundi mawili, na kila kundi lina sehemu ya haki na sehemu ya kosa.

Kundi la kwanza lasema: vunjeni simu, zimeni televisheni, mambo haya yote ni haramu, kwani ni masanamu na ni uchawi na ni kutisha watoto. Maneno yao hayafai kudharauliwa. Wako wanavyuoni waliokataza kila sura ya chenye roho, na mwenye kuwafuata amefuata watu wa elimu. Tena kutisha watu ni jambo lililokatazwa. Imepokewa kwamba Masahaba walikuwa safarini na Mtume, rehema na amani zimfikie; mmoja wao akalala, na mwenziwe akaichukua kamba aliyokuwa nayo, yule aliyelala akazindukana kwa hofu; ndipo Mtume akawaambia kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Ikiwa kamba moja kwa mtu mzima imekatazwa, itakuwaje sindano za macho kwa mtoto wa miaka saba?

Lakini kundi hili lasahau mambo mawili. Kwanza, imepokewa pia kwamba Bibi Aisha, radhi za Mungu zimfikie, alikuwa na wanasesere wake nyumbani mwa Mtume, na miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa, Mtume alipomuuliza habari zake, akajibu kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, Mtume akacheka. Kwa hiyo wako wanavyuoni walioruhusu wanasesere wa watoto. Pili, mwenye kuvunja simu akarudi dukani kwake, akamwacha mtoto nyuma ya majora kama alivyokuwa, hajamtengeneza mtoto. Amemwondolea kimoja tu kati ya vitu vya kumtisha, na upweke ameuacha palepale.

Kundi la pili lasema: hizi ni hadithi za uwongo, na watoto wanajua kuwa ni uwongo, hofu kidogo humkomaza mtoto. Nalo pia lina haki yake, kwani watu wa pwani hawakuwalea watoto wao kwa hadithi za asali tupu. Nani hakusikia hadithi za zimwi? Iko ile ya wasichana waliokwenda pwani kuokota makombe. Mmoja akalisahau kombe lake mwambani, akarudi peke yake kulichukua, akamkuta zimwi. Zimwi akamtia ndani ya ngoma, akawa akizunguka nayo mji hata mji, yeye akipiga na mtoto akiimba ndani, watu wakistaajabu kwa ngoma yenye sauti nzuri na kumpa zimwi chakula. Mpaka akafika mji wa wazazi wa yule mtoto, nao wakaitambua sauti, wakamtoa. Hadithi hiyo si nyepesi kuliko ya vifungo. Mtoto ndani ya ngoma, gizani, analazimishwa kuimba! Na juu ya hayo vizazi vilikua kwayo, wala havikuwa vizazi vya waoga.

Ila wasemao hivyo nao wamesahau hadithi zile zilivyosimuliwa. Bibi alikuwa ameketi mkekani, na watoto wamemzunguka, mdogo kuliko wote amemlalia mapajani. Alipoona macho ya mtoto yametoka, alipunguza sauti ya zimwi. Alipomwona mwingine ameanza kulia, alimharakisha zimwi afe mapema kuliko jana. Hadithi ile ilikuwa dawa, na mwenye dawa alikuwapo akipima kijiko kwa kijiko, akimtazama mgonjwa usoni. Sinema haina macho ya kumwona amtazamaye. Haijui kama aliye mbele yake ana miaka saba au sabini. Humpa kila mmoja chupa nzima.

Hata sinema zenyewe hapo zamani hazikuwa za mtu mmoja mmoja. Katika mji wa Dar es Salaam palikuwa na majumba ya sinema, kama vile Empire na Avalon na Empress, na watu walikwenda na jamaa zao, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Mtoto aliyeogopa alikuwa na bega la kuficha uso wake, na njiani kurudi nyumbani watu walizungumza waliyoyaona mpaka hofu ikageuka mazungumzo. Tena serikali iliweka wakaguzi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka filamu zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa kwa watu. Kisha zikaja kanda za video majumbani, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara, na yale majumba yakafunga milango yake moja baada ya moja. Leo filamu iko mfukoni. Mkaguzi wa serikali hawezi kuketi nyuma ya majora ya kila duka la Kariakoo. Mkaguzi aliyebaki ni baba na mama.

Na la kustaajabisha ni kwamba hata waliotengeneza na kukagua sinema hiyo huko kwao hawakusema kuwa mtoto aachwe nayo peke yake. Huko Marekani ilipewa alama ya kuwatahadharisha wazazi, maana yake ni kwamba yamo mambo ambayo mzazi apaswa kumwongoza mtoto wake kwayo. Basi muuzaji ameandika juu ya mzigo wake kwamba usifunguliwe bila ya mkubwa kuwapo. Mnunuzi aliyeko Kariakoo amewezaje kusema, "Ni za watoto tu"?

Kwa hiyo hukumu ya jambo hili si ngumu kwa mwenye kuzingatia. Hofu yenyewe si adui wa mtoto. Mwenyezi Mungu ametia katika Kitabu chake habari za kuogofya, na ndani yake mna habari za mtoto aliyetupwa kisimani na ndugu zake. Lakini habari hizo za Nabii Yusuf zinaanza kwa neno gani? Zinaanza kwa mtoto aliyeota ndoto iliyomshangaza, akamwendea babake akamweleza. Na baba, naye ni Mtume wa Mungu mwenye watoto wengi na shughuli nyingi, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa shauri. Mtoto wa Kariakoo naye aliota. Lakini asubuhi alipotaka kusema, babake alikuwa amekwisha toka kufungua duka, na jioni alipotaka kusema, palikuwa na mteja.

Hapo ndipo penye lawama. Imepokewa kwa Mtume kuwa kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga hasemi, "Mbuzi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu." Ataulizwa kama alikuwa akimtazama.

Huenda mtu akasema, "Haya ni maneno ya watu wasiokuwa na kazi. Nani atakayelisha nyumba ikiwa baba ataketi kutazama wanasesere?" Swali hili ni la haki, kwani kodi ya fremu Kariakoo haimngoji mtu. Lakini jambo linalotakiwa si kubwa kama anavyolidhania. Hatakiwi kufunga duka. Atakiwa kwanza aijue filamu kabla ya kuiweka mkononi mwa mtoto, kama ajuavyo kitambaa kabla ya kukiweka dukani. Hapana mfanyabiashara anunuaye jora bila ya kulikunjua. Pili, akiona ina kutisha, ama aizuie mpaka mtoto akue, ama aiweke mpaka usiku atakapoweza kuketi naye bega kwa bega. Tatu, ikiisha amuulize mtoto ameona nini, kisha yeye anyamaze asikilize. Na nne, amwonyeshe mkono ulio nyuma ya mwanasesere, kwani mtu huogopa zaidi asilolijua.

Yule baba alifanya hivyo. Baada ya Isha aliketi na mwanawe mkekani, akaitazama nae mara ya pili, na mtoto ndiye aliyekuwa mwongozaji: "Sasa ataufungua mlango mdogo, baba. Sasa usiogope, paka atamsaidia." Alipofika penye sindano alimshika babake mkono kwa nguvu, lakini hakufumba macho. Mwisho wake msichana aliwaokoa wazazi wake waliokuwa wamechukuliwa na yule dude, nao wakarudi nyumbani wala hawakujua kamwe kwamba walikuwa wamepotea. Hapo mtoto akanyamaza, kisha akauliza, "Baba, na mimi nikipotea, utajua?"

Baba hakuwa na jibu la haraka. Alisema, "Nitajua, mwanangu, inshallah." Lakini alijua mwenyewe kuwa wiki ile mtoto alipotea siku tatu, naye akaendelea kupima vitambaa.

Jumapili, duka limefungwa, akamchukua mwanawe kwa miguu kutoka Kariakoo, wakapita Mnazi Mmoja, wakaenda mpaka Posta penye Sanamu ya Askari. Sanamu ile ya shaba imesimama hapo tangu mwaka 1927, na bunduki yake imeelekea bandarini, na watu elfu hupita chini yake kila siku bila ya kuiogopa. Baba akamuuliza, "Askari huyu atembea?"

Mtoto akacheka, akasema, "Hatembei, baba. Ni shaba."

"Na lau angekuwa mdogo, wa kushikika mkononi, nikampiga picha, kisha nikamsogeza mguu kidogo nikampiga picha nyingine, kisha kidogo tena, halafu nikazipitisha picha zote mbele ya macho yako upesi, ungeonaje?"

Mtoto akafikiri. "Ningeona anatembea."

"Basi ndivyo alivyofanywa yule mama wa vifungo. Picha ishirini na nne kwa kila sekunde moja. Mtu aliketi kutwa nzima akimsogeza kwa vidole, akapata sekunde chache tu. Nyuso zake zilikuwa nyingi, wakibandua hii na kubandika hii. Hana roho, wala hana nguvu, ila ya mkono wa aliyemsogeza."

Akamweleza pia kwamba ufundi huu wa kusogeza na kupiga picha ni wa zamani. Kwamba mwaka 1926 bibi mmoja wa Ujerumani, Lotte Reiniger, alitoa sinema ya karatasi zilizokatwa kwa mkasi, kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Na kwamba mwaka 1958 Ray Harryhausen, fundi wa Kimarekani, alimpiganisha Sindbad baharia na mifupa ya mtu mfu kwa njia hiyohiyo. Mtoto akasikiliza yote. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitembea hatua moja akisimama, hatua moja akisimama, akijifanya mwanasesere, na babake akijifanya ampigaye picha. Usiku ule alikwenda msalani peke yake, ingawa aliomba mlango usifungwe.

Haisemwi kuwa hofu yote ilimtoka siku moja. Hofu ya mtoto hutoka polepole kama ilivyo homa. Wala haisemwi kuwa kila sinema ya wanasesere inafaa kila mtoto, kwani ziko ambazo mzazi mwema ataziweka mbali kabisa. Linalosemwa ni hili: katika ile hadithi ya ngoma, zimwi alipita miji mingi, na katika kila mji watu walisikia ngoma nzuri wakafurahi, wazazi peke yao ndio waliosikia mtoto. Hawakumwona, kwani alikuwa amefungiwa ndani. Waliijua sauti yake. Na mzazi hawezi kuijua sauti ya mtoto ambaye kila mara amemwambia, "Ngoja."

Basi, ewe ndugu Muislamu, mtoto wako akiwa kimya nyuma ya majora na simu mkononi, usiharakishe kushukuru. Mwendee uketi naye kidogo, umuulize ni habari gani hiyo aitazamayo. Mteja, inshallah, atangoja.

Mwenyezi Mungu awaongoze wazazi na awahifadhi watoto wao. Amin.